Namna ya Kutumia Mchezo wa Mtu Mmoja Kuinua Kazi na Kipato Chako

Kwenye mpira wa miguu unaweza kucheza ovyo, timu ikashinda, nawe ukavishwa medali kama wenzako. Unaweza pia kucheza vizuri dakika zote 90, timu ikafungwa, lawama zikamwangukia kipa. Mchezo wa mtu mmoja hauna kichaka hicho cha kujifichia. Saa inasema ulikimbia dakika ngapi. Chuma kimeinuka au hakikuinuka. Aliyelala saa 4 usiku na aliyelala saa 8 wanajulikana kabla ya kufika nusu ya njia.

Hiyo ndiyo faida yake kubwa kwa mtu wa kazi: unazoea kuona uhusiano kati ya ulichofanya na kilichotokea. Ofisini uhusiano huo umefunikwa na bosi, soko, bahati na wenzako. Kwenye pesa umefunikwa na muda, maana kosa la leo huuma baada ya miaka. Uwanjani unauona jioni hiyo hiyo.

Ila faida hiyo haihami yenyewe. Wapo wakimbiaji hodari wenye madeni hadi shingoni, na mabondia wasiokosa zoezi hata moja ambao kila mwezi wanachelewesha ripoti. Nidhamu ya uwanjani hubaki uwanjani mpaka uijengee daraja, na daraja hilo linajengwa kwa daftari, kalenda na hesabu. Hapa tunaeleza namna ya kulijenga, kuanzia kuchagua mchezo.

Chagua mchezo kwa kuangalia pengo lako

Watu wengi huchagua mchezo wanaouweza. Kwa lengo letu hapa, chagua unaogusa udhaifu wako wa kazini.

Mbio, kuogelea na baiskeli hufundisha subira na kugawa nguvu. Matokeo yake huja baada ya wiki nyingi, na anayeanza kwa pupa huumbuka mbele ya watu. Vinamfaa anayeanzisha miradi mitano bila kumaliza hata mmoja, na anayefanya kazi ya mwezi mzima katika siku tatu za mwisho.

Tenisi, badiminton na tenisi ya mezani hufundisha kukosea na kusonga mbele. Katika mechi moja utakosea mara nyingi, na kila kosa linafuatwa na pointi mpya ndani ya sekunde chache. Kama neno moja la bosi linakukosesha usingizi wiki nzima, anzia hapa.

Ndondi, judo na mieleka hufundisha kutulia wakati mtu mwingine anakushambulia. Kwa kawaida mpya hushika pumzi akiona ngumi inakuja, na aliyeshika pumzi huchoka ndani ya dakika moja. Kocha atakurudisha kwenye kupumua mpaka iwe tabia. Ni dawa nzuri kwa anayepaniki mteja akipandisha sauti, au anayekubali bei ya chini ili tu mazungumzo yaishe.

Kunyanyua vyuma hufundisha kuongeza kidogo kidogo kwa hesabu. Gofu, upinde na kulenga shabaha hufundisha umakini wa jambo moja kwa wakati mmoja.

Ukishapata mchezo, upitishe kwenye mambo matatu ya kawaida kabisa. Kwanza umbali: uwanja au bwawa lililo zaidi ya dakika 20 kutoka nyumbani au kazini ni rahisi kuliacha, hata ulipende vipi. Pili afya: kama una shinikizo la damu, kisukari, tatizo la moyo, ujauzito, au umepita miaka 40 bila mazoezi, muone daktari kwanza. Tatu gharama, na hapa watu wengi hukosea hesabu.

Usiangalie bei ya kiingilio. Angalia bei ya zoezi moja. Chukua ada ya mwaka, jumlisha vifaa na nauli, kisha gawanya kwa mara utakazokwenda kweli. Anayekwenda mara 3 kwa wiki hufikisha mazoezi kama 150 kwa mwaka. Anayelipa ada hiyo hiyo akaenda mara 30 tu, kila zoezi limemgharimu mara tano zaidi. Viatu vya kukimbilia hudumu kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 800. Kwa kilomita 12 kwa wiki, jozi moja inakuvusha karibu mwaka. Ushauri wetu: mwaka wa kwanza, mchezo wote usizidi asilimia 3 ya kipato chako halisi baada ya makato. Ukizidi hapo, mchezo utaanza kula pesa ambayo ulitaka ukusaidie kuijenga.

Wiki 12 za mwanzo

Tunatumia mbio kama mfano kwa sababu hazihitaji vifaa vingi, lakini mpangilio ni ule ule kwa michezo mingine: mara 3 kwa wiki, siku zisizofuatana, saa ile ile. Kila zoezi lianze na dakika 5 za kutembea haraka na kuisha na dakika 5 za kutembea polepole.

Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, mara 8. Wiki ya 3 na 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6. Wiki ya 5 na 6: kimbia 3, tembea 1, mara 6. Wiki ya 7 punguza makusudi: mazoezi 2 tu, kwa kipimo cha wiki ya 6. Wiki ya 8 na 9: kimbia 8, tembea 1, mara 3. Wiki ya 10 na 11: kimbia 12, tembea 1, mara 2. Wiki ya 12: dakika 25 bila kusimama.

Kasi yake ni ile inayokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata pumzi. Ukiweza kusema maneno mawili matatu tu, umezidisha. Siku mbili kati ya zile zisizo za mbio, ongeza dakika 15 za nguvu: pushapu 10, skwati 15, planki sekunde 30, raundi 3.

Wiki ya 7 ndiyo watu wengi huiruka, na ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Kufikia hapo moyo na mapafu vimeshazoea, lakini kano zinazoshika misuli na mifupa ya miguu huchelewa kuimarika. Unajisikia shujaa huku kifundo kikikaribia kuuma. Kazini ni hivyo hivyo: mtu aliyepata ari ya kazi mpya huongeza majukumu kila wiki, na mwezi wa tatu anaanza kukosea vitu vidogo. Wiki moja nyepesi baada ya kila wiki tano au sita, uwanjani na kwenye kalenda ya kazi, inazuia hayo yote mawili.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya nguvu angalau siku 2. Kwa mtu mwenye kazi ya kutwa, kiasi hicho kinatosha. Hakuna haja ya kufanya mazoezi mara mbili kwa siku ili upate tunachokizungumzia.

Daftari la safu tatu

Hapa ndipo daraja lilipo. Chukua daftari la kawaida, gawanya kila ukurasa safu tatu: mazoezi, kazi, pesa. Kila jioni andika mistari miwili au mitatu kwa kila safu, isizidi dakika 5. Usiandike jinsi ulivyojisikia tu. Andika namba na sababu.

Ukurasa mmoja unaweza kusomeka hivi:

Jumanne. Mazoezi: saa 12 na dakika 10 asubuhi, 3 kwa 1 mara 6. Nimelala kwa muda wa saa tano na nusu tu. Nilianza kwa kasi, mzunguko wa 5 nikatembea kabla ya muda. Goti la kulia linauma kidogo nikishuka ngazi.

Kazi: ripoti ya robo mwaka, nilipanga saa 2, imechukua saa 3 na nusu. Dakika 40 zimekwenda kutafuta takwimu ambazo ningeomba jana. Nimejibu ujumbe wa simu mara nyingi nikiwa katikati ya kazi.

Pesa: nimenunua vitu viwili visivyo kwenye mpango, vyote baada ya kazi, nikiwa nimechoka na njaa.

Ukurasa mmoja hauna siri kubwa. Zikifika kurasa 14, zisome kwa mfululizo na kalamu nyekundu mkononi, uzungushie duara kila kinachojirudia. Mara nyingi utakuta jambo moja linatokea kwenye safu zote tatu. Kwenye mfano huu ni usingizi: usingizi wa saa tano na nusu tu umeharibu mzunguko wa 5, umerefusha ripoti na umefungua pochi jioni. Kama ungeandika mazoezi kwenye simu, kazi kichwani na pesa usiziandike popote, usingeliona. Kwa hiyo safu tatu zikae ukurasa mmoja, na tunasisitiza karatasi, kwa sababu simu ndiyo inayokuvuta ukalale saa 8.

Jumapili tenga nusu saa. Jibu maswali matatu kwa maandishi: nini kilienda kama nilivyopanga, nini hakikwenda na kwa nini, na jambo gani moja nitabadilisha wiki ijayo. Moja tu. Kocha mzuri wa kuogelea hakurekebishi mkono, kichwa na miguu kwa pamoja. Anachukua mkono, akishamaliza anahamia kwenye kichwa. Anayebadilisha mambo manne kwa pamoja hajui lipi lilimsaidia.

Sekunde 25

Sheria za tenisi zinampa mchezaji sekunde 25 kati ya pointi moja na nyingine. Wachezaji wazuri hawaziachi zipite hivi hivi. Ukiwatazama kwa makini utaona kitu kama hiki: mpira ukishatoka, anageuka na kuupa wavu mgongo. Anatoa pumzi ndefu, mabega yanashuka. Anarekebisha nyuzi za raketi, macho yakiwa kwenye nyuzi, si kwa mpinzani wala kwa watazamaji. Kisha anaamua pointi ijayo ataipeleka wapi. Akirudi mstarini anadundisha mpira mara zile zile alizozoea, na kuanza.

Roger Federer aliwaeleza wahitimu wa chuo cha Dartmouth, Marekani, mwaka 2024 hesabu ambayo kila mtu wa mauzo anapaswa kuibandika ukutani. Katika mechi 1,526 za mmoja mmoja alizocheza, alishinda karibu asilimia 80. Lakini pointi alizoshinda zilikuwa asilimia 54 tu. Maana yake, mmoja wa wachezaji bora waliowahi kutokea alipoteza karibu nusu ya pointi zake, na bado akashinda mechi nne kati ya tano. Kinachoamua ni kutoruhusu pointi iliyopotea ikaharibu inayofuata, na kuwa na tofauti ndogo inayorudiwa mara nyingi.

Lihamishe zoezi hili hivi. Baada ya simu iliyokwenda vibaya, barua iliyokataliwa au kikao kigumu, usirukie kazi inayofuata. Simama, ipe kompyuta mgongo. Toa pumzi ndefu mara mbili. Fanya kitu kimoja kidogo cha mikono: panga karatasi, futa miwani. Sema kwa sentensi moja utakachofanya sasa, si ulichokosea. Kaa, anza. Kosa lenyewe utalichambua jioni kwenye daftari, huko ndiko mahali pake. Anayepiga simu 20 za wateja kwa siku akibeba hasira ya simu ya 3 atakuwa ameharibu 17 zilizobaki.

Mwanzoni utasahau. Bandika karatasi ndogo yenye namba 25 pembeni mwa kioo cha kompyuta mpaka mwili uzoee. Wengi huhitaji wiki kadhaa.

Pesa: kimbia kasi moja

Tarehe 12 Oktoba 2019, jijini Vienna, Mkenya Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 za marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Haikuandikwa kama rekodi rasmi, kwa kuwa washika kasi, yaani wakimbiaji wa kumwekea mwendo, walikuwa wakipokezana. Sisi tunaiangalia kwa sababu nyingine: karibu kila kilomita aliikimbia kwa dakika 2 na sekunde 50, ikizidi au kupungua sekunde chache tu. Hakuwa na kilomita moja ya maajabu. Na miaka miwili kabla, Mei 2017, alijaribu huko Monza, Italia, kukimbia chini ya saa 2 akakosa kwa sekunde 26. Alirudi kwenye kazi ile ile.

Akiba hujengwa kwa mwendo huo. Kosa la kwanza la anayeanza kuweka akiba ni lile lile la mkimbiaji mpya: anaanza na asilimia 30 ya mshahara, mwezi wa pili ada ya shule inafika, anatoa zote na kukata tamaa. Mwenda pole hajikwai. Anza na asilimia 5. Kila baada ya miezi 3 ongeza 1. Baada ya miezi 15 uko asilimia 10, na hukuwahi kuona mshahara umepungua ghafla. Ikitokea robo mwaka ngumu, usiongeze, lakini usipunguze. Hiyo ndiyo wiki yako ya 7.

Pesa ihame yenyewe. Weka agizo benki la kuhamisha siku ile ile mshahara unapoingia, kwenye akaunti isiyo na kadi mfukoni. Mwanamichezo mwenye akili huweka viatu mlangoni usiku, kwa sababu anajua asubuhi atatafuta kisingizio. Agizo la benki ni viatu vya mlangoni.

Mpangilio wa kufuata: kwanza jenga akiba ya dharura ya mwezi mmoja wa matumizi. Pili, lipa deni lenye riba kubwa kuliko yote. Tatu, fikisha akiba ya dharura miezi 3 hadi 6. Nne ndipo uwekeze. Watu wanaruka hatua ya pili kwa sababu kuwekeza kunapendeza kusimulia. Tumia kanuni ya 72: gawanya 72 kwa kiwango cha riba kwa mwaka, utapata miaka takriban ambayo pesa, au deni, hujizidisha mara mbili. Akiba inayopata asilimia 6 itachukua kama miaka 12. Deni la asilimia 24 usiloligusa litajizidisha ndani ya miaka 3. Ukiwekeza huku deni hilo liko pale pale, unashindana na mpinzani anayekimbia mara nne ya kasi yako.

Neno moja kuhusu kubeti, kwa sababu limewaingia wapenda michezo wengi. Kubeti si mchezo wako, ni biashara ya mwenye kampuni, na bei za dau hupangwa ili yeye abaki na faida. Ukianza kufuatilia tenisi au mbio kwa ajili ya kuweka dau, utapoteza pesa pamoja na lile jicho la kujifunza ulilokuwa unalijenga. Usianze.

Kuusema mchezo wako kwenye usaili

Kuandika "napenda mazoezi" kwenye wasifu wako wa kazi hakumwambii mwajiri chochote. Andika mstari mmoja wenye kipimo: "Nusu marathoni mbili tangu 2023, mazoezi mara 4 kwa wiki." Mmoja unatosha. Ukijaza nusu ukurasa kwa medali, atajiuliza kazi utaifanya saa ngapi.

Ukiulizwa, jibu kwa hatua nne fupi: ulikotoka, lililokwama, ulilobadilisha, na lilivyoingia kazini. Mfano: "Nilianza nikikimbia dakika moja moja. Wiki ya 6 nikaumia goti kwa sababu nilikuwa naongeza haraka. Nikaanza kuandika kila zoezi na kuweka wiki nyepesi. Utaratibu huo nikauhamishia kwenye miradi, sasa kila wiki ya sita tunasafisha kazi zilizolala kabla ya kupokea mpya." Sehemu ya kuumia usiifiche. Hapo ndipo anaposikia kwamba unajua kujirekebisha.

Jiandae na swali gumu: je, unaweza kufanya kazi na wenzako? Wengine humwona mkimbiaji au mnyanyua vyuma kama mtu wa kujitenga. Jibu lake liwe la kweli, maana yake uwe umelifanya: una mtu unayefanya naye mazoezi, unamsaidia mpya, unamsikiliza kocha. Hata mbio za Vienna zilikimbiwa na mtu mmoja akizungukwa na kundi la washika kasi waliomkata upepo.

Watu utakaokutana nao

Ni kweli kwamba viwanjani hupatikana kazi na wateja. Gofu hasa: mashimo 18 huchukua kama saa 4, na saa 4 za kutembea na mtu hazipatikani ofisini. Lakini wengi huharibu kwa kuuza. Mara tano za kwanza usizungumzie biashara mpaka uulizwe. Fika mapema, lipa sehemu yako, okota mipira, shindwa bila kununa, shinda bila kujisifu. Ukiulizwa kazi yako, jibu kwa sentensi mbili na urudi kwenye mchezo.

Wenzako wanakutazama, na wanachotazama zaidi ni uaminifu. Mwaka 1925, kwenye mashindano ya wazi ya gofu ya Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umesogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga majanini. Hakuna mwingine aliyeuona. Akajihesabia adhabu ya pigo moja, akamaliza sare, akapoteza ubingwa katika marudio. Anayepunguza pigo moja kwenye kadi yake ya alama siku ya Jumamosi, mwenzake atalikumbuka siku ya kumpa zabuni.

Yanayoharibika, na sababu zake

Vifaa kabla ya mazoezi. Kununua hutoa raha ya haraka inayofanana na maendeleo. Weka sharti: kila kifaa kipya kinunuliwe baada ya mazoezi 36 yaliyoandikwa kwenye daftari, yaani kama wiki 12.

Mchezo kuwa mahali pa kujificha. Dalili yake ni kwamba mazoezi yanaongezeka kila kazi inapokuwa ngumu. Uwanjani unapata alama haraka, kazini hazionekani, kwa hiyo unakimbilia panapokusifu. Linganisha safu ya kwanza na ya pili: kama mazoezi yamepanda wiki nne na kazi imeshuka wiki hizo hizo, rudi mara 3 kwa wiki.

Kutoomba msaada. Aliyezoea kutegemea miguu yake hubeba tatizo la kazini peke yake mpaka limzidi. Jiwekee kikomo: ukikwama dakika 45 bila hatua, uliza.

Maumivu ya kupuuza. Uchovu wa misuli pande zote mbili, unaoisha ndani ya siku mbili tatu, ni wa kawaida. Maumivu makali ya sehemu moja, yanayozidi ukiendelea, au yanayobadilisha namna unavyotembea, ni ya kusimama siku hiyo hiyo. Yakizidi wiki moja, nenda kwa daktari au mtaalamu wa viungo. Goti lililopuuzwa linaweza kukugharimu miezi ya mazoezi na siku za kazi.

Kuacha kazi kufuata zawadi za mashindano. Zawadi za maana huenda kwa wachache wa juu kabisa, na majeraha hayana mkataba. Kama kipaji kipo, kocha wako na muda wako vitakwambia, na hata hapo uwe na akiba ya miezi 12 kabla ya kugusa barua ya kuacha kazi.

Ukikosa wiki nzima kwa ugonjwa au safari, usijaribu kulipa mazoezi uliyoyakosa. Rudi wiki moja nyuma kwenye ratiba na uendelee. Ukikosa wiki mbili au tatu, rudi nyuma wiki tatu. Ukikosa zaidi ya mwezi, anza upya na wiki ya 1, lakini daftari usibadilishe: fungua ukurasa unaofuata, andika tarehe, na kwenye safu ya kwanza andika sababu ya kukosa kwa sentensi moja.